Safari ya Ghafla ya Kigoma: Kabla ya Gesti, Uliza Mwezi

Tulikuwa tumemaliza hitma ya shangazi yangu Tabora, na basi nililokatia tiketi ya kurudi Dar es Salaam halikutokea. Kufika saa 5 asubuhi nilikuwa nimerudishiwa nauli yangu mkononi, na ruhusa ya kazini ilikuwa bado na siku nne. Nikaenda stesheni kuulizia treni ya kwenda mashariki, nikaambiwa ya karibu ni ya usiku ule, na hiyo inaelekea magharibi. Kwenye benchi alikaa mama mmoja mtu mzima, ubavuni mwake ndoo tano tupu zimepachikwa moja ndani ya nyingine. Nikamwamkia. Tukaulizana habari, nikamweleza ya msiba, akanipa pole. Kisha akasema, "Kama huna haraka, mwanangu, si uje mwisho wa reli ukaone ziwa?" Nilidhani ni maneno ya kunifariji tu, kumbe alikuwa tayari anahesabu kwa vidole. "Leo ni ishirini na nne. Giza limeshaingia. Twende."

Nimerudi Kigoma mara mbili tangu siku ile, zote kwa ghafla vilevile, na kila mara naanza pale alipoanzia yule mama. Kigoma inampokea vizuri mtu aliyekuja bila mpango, ila ina saa zake: mwezi, upepo, siku ya treni, boti za mchana. Ukizijua saa hizo, siku tatu zinakupa mengi. Haya nayaandika kwa mtu aliye Tabora au popote kwenye Reli ya Kati, mwenye siku tatu au nne mkononi na nauli ya akiba.

1. Uliza mwezi

Usianze na gesti wala nauli. Anza kwa kuuliza leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Kama hujui, muulize mtu yeyote atokaye msikitini. Tarehe hiyo ndiyo itakayokuambia ziwa litakuwaje usiku.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Mvuvi anawasha taa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga na kukusanyika, kisha wavu unainuliwa kutoka chini. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwaita. Kwa hiyo siku za katikati ya mwezi, tarehe 12 hadi 17 hivi, wavuvi wengi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu na kuziba vyombo. Kuanzia kumi la mwisho hadi mwezi unapoandama na siku chache baadaye, hilo ndilo giza, na hapo ndipo ziwa linapofanya kazi.

Ukiangukia giza, panga usiku mmoja wa kukaa ufukweni na alfajiri moja ya kwenda mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Ukiangukia mbalamwezi, usihuzunike: siku hizo ni nzuri kwa Ujiji na kwa sokwe wa Gombe, ila dagaa wabichi watakuwa haba na wakavu watapanda bei. Jambo la pili la kuuliza ni kama uvuvi haujafungwa. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mtu aliyefika Kigoma kwa ajili ya taa za usiku katika miezi ile alikuta ziwa jeusi tii.

2. Begi la mtu asiyejiandaa

Cha lazima kuliko vyote ni kitambulisho. Kigoma ni mkoa wa mpakani, Burundi iko kaskazini na Kongo ng'ambo ya ziwa, na njiani unaweza kuombwa kitambulisho zaidi ya mara moja. Cha taifa kinamaliza maneno. Kama umekiacha nyumbani, ahirisha safari; sisemi hivi kukutisha, nimeona kijana akiteremshwa kwenye basi usiku kwa kukosa karatasi moja.

Pili, dawa ya kupaka ya mbu. Malaria ya ziwani haina mzaha. Tatu, kanga au kikoi, kwa sababu kitakuwa shuka ndani ya treni, taulo ufukweni, na stara ukiingia Ujiji. Nne, tochi. Tano, ndoo tupu yenye mfuniko. Utaiona haina maana unapoondoka, lakini siku ya kurudi wenzako watakuwa wanazitafuta.

3. Panda

Kutoka Tabora hadi Kigoma kwa reli ni kama kilomita 400, usiku mzima na kipande cha siku. Ukipata daraja la pili la kulala, lichukue. Ukikosa, daraja la tatu lina watu wema na mizigo mingi. Tafuta kiti cha dirishani, funga begi kwenye mguu, na ule chakula cha usiku kabla ya kupanda. Usiahidi mtu kwamba utafika saa fulani. Mwambie utafika "kesho", inatosha.

Wenye haraka wanapanda basi linalopita Kaliua na Uvinza, na kuvuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete. Basi halina ubaya. Ila kwa safari hii mimi nashauri treni, na sababu yangu ni hii: Kigoma ilijengwa na reli. Wajerumani walianza kutandika njia hiyo Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912, na mataruma ya mwisho yakawekwa Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya hapo, bandari ya ziwa hili ilikuwa Ujiji. Reli ilipoamua kwenda kwenye ghuba ya Kigoma, kwenye kina kirefu na kinga ya upepo, mji mkubwa ukahama nayo. Ukiingia kwa treni unaingia kwa mlango ambao mji ulijengewa.

Alfajiri usilale. Baada ya Malagarasi unafika Uvinza, mahali ambapo watu wamechemsha chumvi kutoka chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000. Watu wa Bara walikuwa wanakuja hapa kwa miguu kutafuta chumvi kabla hata misafara ya pwani haijaijua njia. Kuanzia hapo vilima vinaanza kusogea, michikichi inaonekana mabondeni, na hewa inabadilika. Yule mama aliniamsha kwa kunigusa bega. "Sasa nusa," akasema. Ilikuwa harufu ya moshi wa kuni, udongo uliolowa, na kwa mbali samaki.

4. Ukishuka, rekebisha saa ya kichwani

Saa ya mkononi ni ileile ya Dar es Salaam, lakini jua la huku linachelewa kama dakika 40. Saa 12 asubuhi bado ni giza, jua linakuwa utosini karibu saa 7 mchana, na linazama karibu na saa 1. Mgeni wa pwani hulishangaa hilo siku ya kwanza, kisha analipenda, maana jioni inakuwa ndefu.

Gesti zipo za kila bei. Ukitaka utulivu na kuwa karibu na bandari, lala mjini chini. Ukitaka soko, chakula cha usiku na usafiri wa kila upande, panda hadi mtaa wa Mwanga. Angalia chandarua kabla ya kulipa, kishike kwa mkono na utazame matundu. Basi.

5. Mji kwa miguu: stesheni, bandari, na meli

Siku ya kwanza usipande chombo chochote. Simama mbele ya stesheni na uitazame kwa utulivu. Ni jengo la Kijerumani, kubwa kuliko mji uliokuwapo lilipojengwa, lenye matao na kuta nene. Mbele yake inaanza Barabara ya Lumumba, inayopanda kilima kuelekea Mwanga ikiwa na miembe pembeni. Mji wenyewe ni kama mtaa mmoja mrefu. Huwezi kupotea hata ukijaribu.

Kuna jengo jingine la enzi za Mjerumani juu ya ziwa ambalo leo ni Ikulu ndogo. Litazame kwa mbali na uache simu mfukoni. Vivyo hivyo bandarini na stesheni, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Salamu nzuri kwa mlinzi na maelezo ya kweli hufungua milango mingi, na akikataa, amekataa.

Bandarini ndipo ilipo hadithi ambayo mimi naona kila Mtanzania angepaswa kuijua. Mwaka 1913, huko Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli iliyopewa jina la Graf von Götzen, gavana wa zamani wa koloni hili. Ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, na kutoka pale ikaletwa kwa reli hii uliyopanda. Mafundi walioiunda kule wakaja nayo kuiunga upya hapa Kigoma. Februari 1915 ikaingia majini. Hebu fikiri: meli yenye urefu wa zaidi ya mita 70, imesafiri nchi kavu ikiwa ndani ya masanduku.

Vita ikaja hadi ziwani. Juni 1916 ndege za Wabelgiji, zile za kutua majini, zilirusha mabomu Kigoma. Mwezi uliofuata Wajerumani wakaamua kuondoka, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha meli wenyewe, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, adui asiipate. Lakini mafundi walewale walifanya jambo la watu wanaoipenda kazi yao: kabla ya kuizamisha walizipaka mashine grisi nzito kila mahali. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua Machi 1924, wakakuta mashine bado nzima, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hili. Imebeba wakimbizi, harusi, mahindi, mbuzi na maiti kwa karibu miaka 100, ikishuka pwani yote hadi Mpulungu, Zambia.

Miaka ya karibuni imekuwa kwenye ukarabati, kwa hiyo usije ukitegemea kusafiri nayo. Uliza getini iko wapi siku hiyo na kama unaweza kuiona. Hata ukiiona ubavu tu kwa mbali, usiondoke upesi. Tazama misumari ya ribiti kwenye bamba za chuma, mstari kwa mstari. Ile ni kazi ya mikono.

6. Nusu siku Ujiji

Daladala na bajaji za Ujiji zinapatikana muda wote. Si zaidi ya kilomita 10. Nenda asubuhi, na vaa kwa heshima, kwa sababu Ujiji ni mji wa Waislamu wa tangu zamani, na wazee wake wanaangalia. Ukipita barazani sema shikamoo au asalaam alaikum kabla hujauliza njia. Kiswahili cha hapa kina urithi wa pwani na wa Manyema ng'ambo ya ziwa, na ukikisikiliza vizuri utasikia vyote viwili.

Watu wengi wanakwenda Ujiji kwa ajili ya mwembe. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone mwaka 1871. Kuna makumbusho madogo, mnara, na miembe inayosemwa kuwa imetokana na ule wa asili, ambao ulishakufa. Lipa kiingilio, msikilize mwelezaji hadi mwisho, halafu mwulize maswali mawili.

La kwanza: ziwa liko wapi? Utashangaa, maana Stanley alisimulia kama mtu aliyefika pwani, na wewe unayaona maji kwa mbali, nyuma ya nyumba na mashamba. Wakati ule ziwa lilikuwa juu sana kwa sababu mdomo wake wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa umeziba. Karibu mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi hicho, ziwa likashuka mita kadhaa, na ufukwe ukaukimbia mwembe. Miaka hii ziwa limepanda tena na kufunika nyumba, njia na miti ya ufukweni. Wavuvi wa Ujiji watakuonyesha kwa kidole mahali palipokuwa nyumba. Sikiliza kwa makini, kuna waliopoteza.

La pili: Susi na Chuma walifanya nini? Hawa walikuwa wasaidizi wa Livingstone, na ndio waliomwona Stanley kabla ya bwana wao. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, wao na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi tisa, njia ya kilomita zaidi ya 1,500, wakipita nchi za watu walioogopa maiti. Mimi nikisimama pale mnarani ni hao ninaowawaza. Na nawawaza pia wale ambao hakuna aliyeandika majina yao, waliovushwa ziwa hili kutoka Kongo wakiwa wamefungwa na kutembezwa kwenda pwani kwa njia ileile, enzi za wafanyabiashara wa watumwa kina Rumaliza na Tippu Tip. Miembe mikubwa ya Ujiji na Tabora ni kumbukumbu ya misafara hiyo. Ukikaa kivulini mwake, jua umekaa kwenye kivuli cha nani.

Kutoka makumbusho shuka ufukweni kwa miguu. Utawakuta mafundi wa mashua wakifanya kazi wazi mchangani. Niliketi karibu saa nzima nikimtazama mmoja akitia kalafati: anasokota pamba kwa vidole mpaka iwe kamba nyembamba, anaichovya mafuta, anaiweka kwenye ufa kati ya mbao mbili, kisha anaigonga kwa patasi butu na nyundo ya mti, pigo dogo, pigo dogo, hadi inazama yote. Anasogea urefu wa kidole kimoja na kuanza tena. Nikamwuliza, mzee, inachukua siku ngapi kuzunguka chombo chote? Akasema, "Anayeuliza siku mpe kazi nyingine. Hapa tunauliza maji yameingia au hayajaingia."

7. Usiku wa taa na alfajiri ya mwalo

Kama ni giza, jioni hiyo tafuta mahali pa juu panapoona ziwa. Jua litazama nyuma ya milima ya Kongo. Mitumbwi itaanza kutoka kabla mwanga haujaisha, mingine ikiwa imefungwa miwilimiwili na wavu katikati. Kisha taa zinawaka, moja huku, tatu kule, na baada ya saa nzima mbele yako kuna mji mwingine juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai. Sasa nyingi ni za betri na sola, mwanga wake mweupe zaidi. Taa hizo zinaelea juu ya ziwa ambalo kina chake, panapozidi, kinafika mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal.

Usilale sana. Asubuhi, kabla jua halijatoka, chukua bodaboda ya mtu unayemwamini hadi mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya mji, au Katonga upande wa kusini. Simama pembeni, watu wako kazini. Vyombo vinaingia, makreti yanashushwa, kina mama wanapiga bei kwa sauti, na dagaa wanang'aa kama sindano mpya. Wakimwagwa kuanikwa utaona tofauti ambayo itakusaidia baadaye sokoni: wapo wanaoanikwa mchangani, na wapo wanaoanikwa juu ya vichanja vya wavu.

Ukitaka kuoga ziwani, uliza wenyeji mahali salama. Mamba wapo sehemu nyingine, na kichocho kipo pia, hasa penye majani na maji yaliyotuama. Mahali penye mawe na maji meupe ni pazuri zaidi, na ukitumbukiza uso utaona samaki wadogo wa rangi ambao hawapatikani ziwa jingine lolote.

8. Chakula

Omba ugali wa muhogo na mgebuka. Huyu ni samaki mwembamba, mrefu kama mkono wa mtoto, anayewinda dagaa, na kwa kuwa analala na chakula chake hapohapo, ni mnono. Wa kukaanga ni mzuri. Wa kuchoma aliyepakwa chumvi na ndimu tu ni bora. Ukiulizwa mboga, sema sombe. Ndiyo kisamvu, ila hapa kinapikwa na mawese mpaka kinalainika kabisa. Kuhe ni samaki mkubwa, nyama nyeupe, anafaa kwa mchuzi na kwa watu wawili au zaidi. Ugali wa muhogo una mvutano, ukimega tonge, usiharakishe.

9. Gombe, kama una siku ya ziada kweli

Hifadhi ya Gombe iko kama kilomita 16 kaskazini, na hakuna barabara ya kuifikia. Ndipo mtafiti Jane Goodall alipofika Julai 1960, na alichokiona pale, sokwe wakichokoa mchwa kwa vijiti walivyovitengeneza, kiliwalazimisha wanasayansi kufikiri upya kuhusu zana na mwanadamu. Amefariki mwaka 2025, utafiti unaendelea.

Boti za abiria zinaondoka Kibirizi mchana kuelekea vijiji vya kaskazini, na zinarudi mjini asubuhi. Maana yake huwezi kwenda na kurudi siku moja kwa boti ya kawaida. Lazima ulale, au mkodi boti kwa kuchangia. Mwananchi analipa kiingilio kwa shilingi, kwa hiyo kitambulisho tena. Mwenye mafua asiende, sokwe wanaambukizwa na sisi, na watoto wa chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata msituni. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini unainua mawimbi mchana. Nahodha akisema tusubiri, msubiri. Na vaa jaketi la kuokolea hata kama wewe peke yako ndiye umelivaa.

10. Kununua na kufunga

Hapa ndipo wageni wengi wanapoliwa fedha, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Dagaa kwanza. Wafuate sokoni asubuhi ya mwisho, siyo ya kwanza. Chota kiganja, wakung'ute kwenye kiganja kingine na utazame kilichobaki. Mchanga ukibaki, hao walianikwa chini, na hata ukiwaosha mara tatu utausikia menoni. Wa kichanja ni ghali kidogo, lipa. Mmoja mvunje: akikatika kwa sauti amekauka; akijikunja, ana maji na ataota ukungu ndani ya ndoo kabla hujafika Dodoma. Tazama tumbo, likiwa zima na rangi bado ya fedha, alianikwa siku aliyovuliwa. Akiwa wa njano na harufu kali, alisubiri. Muulize muuzaji ni wa giza hili au wa giza lililopita. Swali hilo likitoka kinywani mwako, bei inashuka yenyewe, kwa sababu anajua unajua.

Usiwafungie kwenye nailoni wakiwa bado na joto la jua. Waache kivulini nusu saa, kisha tandika gazeti chini ya ndoo, weka dagaa, gazeti jingine juu, halafu mfuniko usiokazwa sana.

Mawese: omba kuonja kwenye ncha ya kijiko. Mazuri ni mekundu, matamu kidogo, na hayakwaruzi koo. Yakiwa yanakwaruza ni ya zamani. Geuza dumu juu chini na utazame kama kuna maji yanayokimbia peke yake. Kununua nunua, ila funga mwenyewe: nailoni safi juu ya mdomo wa dumu, kisha kifuniko, kisha mpira. Weka dumu wima ndani ya ndoo nyingine. Doa la mawese kwenye nguo halitoki, na kwenye begi la jirani yako ndani ya treni ni ugomvi hadi Morogoro.

Vitenge vipo kwa wingi, vingi vinapita mpakani. Kunja kona moja, loweka mate kidogo, sugua kwa kidole kisafi. Rangi ikitoka, rudisha.

11. Kurudi

Ulizia treni ya kurudi siku ileile unayofika, kabla hata hujaoga, kwa sababu hakuna treni ya kila siku na siku zinabadilika. Panga kurudi kwako kulingana na jibu hilo, na bakiza siku moja ya tahadhari kabla ya kurudi kazini. Kama siku hazilingani, kata basi, na uliza kama linasafiri mchana.

Siku yangu ya kuondoka, yule mama alinikuta stesheni. Ndoo zake zote tano zilikuwa zimejaa. Aliniomba nifungue yangu, akachota, akakung'uta, akavunja mmoja, akatia mdomoni. Akatafuna polepole, kisha akafunga mfuniko na kuisukuma ndoo chini ya kiti changu, upande wa dirisha, jua lisipoingia. "Ukifika nyumbani," akasema, "waanike juani siku moja kabla ya kuwapika. Na wa kwanza kula usiwakaange. Wachemshe kwa nyanya na mawese kidogo, ndimu mwishoni. Ukiwakaanga hutawajua."

Niliwaanika juani siku moja, kama alivyosema.